Mapigo Thelathini na Nne

Kuna jambo moja la Ijumaa ile ambalo sijalipatia jibu mpaka leo, na sidhani kama nitalipata. Bassou alinyoosha mkono mwenyewe. Kwa miaka thelathini na mmoja tulikuwa tukimbembeleza kwanza, naye akituzungusha, mara mkono una baridi, mara kahawa haijapoa, mpaka tuchoke ndipo akunje mkono wa joho lake. Ijumaa ile hakungoja kuombwa. Aliketi, akaulaza mkono juu ya goti, kiganja juu, akasema, "Hesabuni." Nimemuuliza mara tatu kwa nini. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili aliniuliza kama mzeituni wangu umeanza kuzaa. Mara ya tatu alisema hakumbuki kama alinyoosha yeye au tulimwomba sisi.

Kijiwe chetu ni ubao wa mwerezi uliowekwa chini ya ukuta wa stendi ya teksi, pale mji unapoishia na mlima unapoanza, hatua tano kutoka kibanda cha kahawa cha Zayd. Zayd hajawahi kuliacha jiko lake saa za kazi. Hata binti yake alipoolewa, alikwenda harusini baada ya kufunga. Kwenye ubao tunakaa wanne. Hammou tunamwita Kipaza, kwa kuwa alitangaza safari za mabasi miaka ishirini na sita na sauti yake bado haijaambiwa kwamba amestaafu. Aqqa ni Daktari, ingawa elimu yake yote ameipata kwa kondoo: alikuwa akimshikia bwana mifugo sindano. Mimi ni Mwalimu, jina la kazi tu. Na Bassou ni Paa. Ujana wake alikimbia mbio za nyika na kutuletea kombe, na mkufunzi mmoja aliyepita hapa alimshika mkono, akahesabu, akasema, "Arobaini na mbili. Huu ni moyo wa farasi." Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala na kuskusi, tunahesabu mapigo ya Paa dakika nzima, na Zayd anaandika namba ukutani kwa chaki. Miji mingine ina mnara wa kujivunia. Sisi tulikuwa na mkono wa Bassou.

Basi Aqqa akaweka vidole viwili chini ya kidole gumba cha Bassou, mimi nikashika saa, na Hammou akanyamaza, jambo ambalo huwa ni la dakika hiyo moja tu kwa wiki.

— Thelathini na nne, — Aqqa akasema. Kisha akakunja uso. — Hapana. Turudie.

Tukarudia. Ikawa thelathini na tatu, na moja zaidi ambalo Aqqa aliapa amelisikia. Tukakubaliana thelathini na nne.

Hammou akasimama. Hammou akisimama, stendi nzima hushika mizigo yake.

— Wasafiri watukufu! Rekodi mpya! Paa ameshuka mpaka thelathini na nne! Ile arobaini na mbili ya mkufunzi imezikwa rasmi leo!

— Kaa chini, unatisha abiria, — Zayd akamwambia kutoka jikoni, lakini chaki ilikuwa tayari mkononi mwake.

Bassou alitabasamu kidogo. Kahawa yake, ile ya pilipili manga na mdalasini anayoimaliza kabla hatujaanza zetu, ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

— Mimi nilijua, — Aqqa akasema. — Moyo ni betri. Umepewa mapigo yako tangu tumboni mwa mama, yamehesabiwa. Ukiyatumia haraka, unaondoka haraka. Huyu anatumia nusu yetu. Fikirieni: atatuzika sote, na watoto wetu pia.

— Sasa nitakaa hapa na nani? — Bassou akauliza.

— Na Zayd. Zayd hafi, hana nafasi.

— Betri gani, we daktari wa kondoo! — Hammou akadakia. — Ni baridi hiyo. Kalunguyeye akijizika majira ya baridi, moyo wake unapiga moja, unakwenda kunywa chai, unarudi unapiga la pili. Sisi tumekaa na theluji miezi minne. Paa amelala macho wazi, ndiyo habari yenyewe.

— Theluji imeyeyuka wiki ya tatu hii, — nikasema.

— Na kuamka kunachukua muda, Mwalimu. Wewe huamki mara tatu ndipo utoke kitandani?

— Achana na kalunguyeye, — Aqqa akasema. — Mimi nimewahi kumpima kima, wale wa kule juu kwenye mierezi. Mia mbili kwa dakika.

— Ulimshikaje mkono?

— Nilimpa karanga.

— Na dakika nzima akakaa tu anakutazama?

— Robo dakika. Kisha aliondoka na saa.

— Kwa hiyo hukuhesabu, bwana!

— Nilikadiria. Wataalamu hukadiria.

Hapo mama mmoja alikuja na zulia lililokunjwa begani, akauliza teksi ya kwenda mji wa Meknes. Ichou dereva akamwonyesha gari lake tupu, kisha akaonyesha vidole sita. Kwetu teksi haiondoki mpaka abiria wawe sita, hata kama wa kwanza amefika asubuhi. Mama akashusha pumzi, akaketi mwisho wa ubao wetu. Tulisogea. Alisema anaitwa Tuda, anafuma mazulia, tusikatishe mazungumzo kwa ajili yake. Hatukukatisha.

— Tena mimi nina siri ya ushindi wake, — Hammou akaendelea, sasa akiwa na msikilizaji mpya. — Moyo ukienda polepole, muda unatanuka. Dakika moja kwako na kwangu, kwa Paa ni mbili. Wenzake waliingia mbioni wana nusu saa, yeye ana saa nzima. Angeshindwaje?

— Hilo nimelikubali, — Aqqa akasema, na si kawaida yake. — Na akishuka zaidi? Akifika ishirini hatahitaji kula ila Ijumaa.

— Akifika kumi?

— Atakuwa mwerezi. Tutampanda pale mbele ya msikiti.

— Na nikifika sifuri? — Bassou akauliza.

Tulicheka. Na mimi nilicheka. Ningeweza kuandika hapa kwamba mimi ndiye sikucheka, maana wengine hawasomi vitabu na hawatanisahihisha, lakini nilicheka, tena kwa sauti.

Nikimtazama sasa kwa macho ya kumbukumbu, naona mengi. Alipopanda mwinuko kutoka msikitini alisimama mara mbili, kwa mwoka mikate na kwenye bomba la maji. Hammou alimtania, yeye akasema anatazama korongo wamerudi kwenye kiota. Kweli korongo walikuwa wamerudi. Alitia sukari kwenye kahawa mara mbili, akakoroga, akaiacha. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na sisi tulisema ni upepo.

Yule mama Tuda alikuwa akitazama ukuta, namba za chaki zilivyoshuka safu baada ya safu.

— Kaka, — akamwambia Bassou, — samahani. Wanasema wewe ni mkimbiaji.

— Ni mkimbiaji! — Hammou akajibu kwa niaba yake. — Uliza mkoa wote.

— Sawa. Mara ya mwisho umekimbia lini?

Aqqa alitazama juu, kama mtu anayetafuta tarehe ya mazishi ya jirani. Mimi nilihesabu kimya nikapotea. Na Bassou, ambaye swali lilikuwa lake, alitazama magoti yake mwenyewe, yale yaliyomwachisha mbio.

— Nauliza tu, — Tuda akasema. — Mimi sijui mambo ya moyo. Ila mikono yangu hii ina sugu za nyuzi. Mwaka ule nilipovunjika bega sikufuma miezi minane, na sugu zikaondoka zote. Sasa moyo uliozoezwa na mbio, mbio zikiisha, zoezi lake linabaki wapi?

— Mara nyingine linabaki, — Aqqa akasema, bila nguvu.

Zayd alitoka kwenye kibanda. Ninaposema alitoka, nina maana kwamba mguu mmoja ulibaki ndani. Akanyoosha kidole ukutani.

— Mwaka jana masika: sitini. Kiangazi: sitini na moja. Mnakumbuka? Mlisema Paa amezeeka, mkamfariji. Hapa ndipo baridi inapoanza. Hamsini na mbili. Arobaini na sita. Arobaini na tatu. Leo hii. Mimi huandika tu, sisomi. Leo nimesoma.

Mtu asituone wajinga kupita kiasi. Tulikuwa na jambo moja la kujisifia, nalo lilikuwa limeanza kufifia, kisha likarudi. Nani huuliza zawadi imetoka wapi?

— Bassou, — nikasema, — una nini?

— Sina kitu.

— Kizunguzungu?

— Nikisimama haraka. Nani hana?

— Mimi sina, — Zayd akasema. — Na mimi nasimama kutwa.

Hammou alikuwa ameshatoa simu. Ana mpwa wake, Itto, muuguzi katika hospitali ya mkoa kule bondeni, barabara ya Meknes. Akaifungulia spika, jambo lisilo na lazima kwa sauti ya ukoo ule.

— Mjomba, niko kazini.

— Itto, sikiliza. Bassou Paa, mapigo thelathini na nne. Ni rekodi au si rekodi?

— Rekodi ya nini? Mmepima vipi?

— Dakika nzima, kwa saa ya Mwalimu. Mara mbili.

— Hapo mmefanya vizuri. Yuko macho? Anaongea sawasawa?

— Niko macho, binti yangu, — Bassou akasema. — Hawa ndio wamelala.

— Ami Bassou, kifua kinabana? Pumzi?

— Kifua hapana. Pumzi... mwinuko umekuwa mrefu mwaka huu.

— Umewahi kuzimia?

Ichou dereva naye alikuwa amesogea, funguo mkononi.

— Jumanne, — Bassou akasema. — Kwenye ngazi za nyumbani. Nilimwambia Hadda nimeteleza.

— Uliteleza?

— Nilijikuta chini. Baina ya ngazi na chini sina habari.

Hadda ni mkewe. Alikuwa ametusimulia sokoni habari ile ya kuteleza, akalaumu viatu.

— Sikilizeni wote, — Itto akasema, na sauti yake haikupanda, ilishuka. — Mtu mzima aliyetulia, mapigo yake kwa kawaida ni sitini mpaka mia. Anayekimbia kila siku, au aliyelala usingizi, anaweza kuwa na arobaini na kitu na akawa mzima kabisa. Namba ndogo peke yake si ugonjwa. Lakini namba ndogo na kizunguzungu, namba ndogo na kuzimia, na kukosa pumzi, au kifua kuuma, au mtu kuanza kuchanganyikiwa, hiyo si ya kungoja kesho. Hiyo ni ya leo, sasa hivi. Anakunywa dawa gani?

— Ya presha, — Bassou akasema. — Tangu baridi ilipoanza.

— Moja kwa siku?

Aliyejibu alikuwa Aqqa, akitazama viatu vyake.

— Mimi nilimwambia baridi ikizidi ameze mbili. Damu inaganda. Kondoo mwenye mimba, theluji ikianguka, tulikuwa tunamwongezea...

— Ami Aqqa.

— Naam.

— Kuna dawa za presha ambazo kazi yake nyingine ni kuupunguzia moyo mwendo. Huenda ni hiyo, huenda ni umeme wa moyo wenyewe, siwezi kujua kwa simu. Hata matone ya macho yanaweza kufanya hivyo.

— Matone ninayo pia, — Bassou akasema, kama mwanafunzi anayetoa mkononi kitu cha pili alichokificha.

— Basi zote zije kwenye mfuko. Asimeze tena mpaka daktari azione. Asiendeshe gari, asitembee kuja. Mmepiga simu ya ambulensi?

Nilikuwa nimeipiga wakati akiongea. Gari la wagonjwa la mji wetu ni moja, nalo lilikuwa limepanda mlimani kumchukua mama mwenye uchungu. Kurudi kwake kulihitaji saa moja na zaidi. Itto aliposikia, hakufikiri sana.

— Dakika ishirini na tano kwa teksi. Njooni sasa. Akizimia njiani, mlazeni, mwangalieni kama anapumua, mnipigie. Nawaandalia kitanda na mashine ya kupima moyo.

Simu ikakatika. Hammou alitia mkono kwenye kofia ya joho la Bassou, ile inayoning'inia mgongoni, ambamo sisi wote, kila mtu kwenye lake, tunaweka kila kitu tusichotaka wake zetu wakione, akatoa kipande cha mkate, kisha matone ya macho, kisha vidonge.

— Twende, — Ichou akasema, na kufungua mlango wa mbele. — Naondoka na mmoja.

Bassou hakuinuka.

— Huondoki na mmoja.

— Bassou, usianze.

— Teksi nzima kwa mtu mmoja hukodiwa kwa maiti au bibi harusi. Tazama nguo yangu. Yupi kati ya hao ni mimi? — Alivuta pumzi kidogo hapo, na tuliiona. — Nitapitishwa sokoni peke yangu, Hadda atasikia kabla sijafika darajani. Gari likijaa, nitapanda. Kama Ijumaa nyingine yoyote. Watu wanakwenda Meknes.

— Utakufa kwa ajili ya viti? — Hammou akafoka.

— Punguza sauti. Nimesema nitapanda.

Kuna wakati wa kumshinda mtu kwa hoja, na nimefundisha miaka thelathini nikijidanganya kwamba ni mwingi. Tuda alikuwa ameshainuka. Alirusha zulia lake nyuma ya gari, akaketi safu ya mwisho, karibu na dirisha.

— Mimi nilikuwa nakwenda hata hivyo, — akasema. — Huyo na mimi, wawili.

— Watatu, — Hammou akasema, akaingia.

Aqqa alisimama mlangoni kama anayengoja ruhusa. Bassou alimtazama.

— Ingia, Daktari. Nani mwingine atashika mkono?

— Wanne, — Aqqa akasema. Alisema polepole sana.

Mimi nikawa wa tano. Tukamsaidia Bassou kuinuka kidogo kidogo, kama Itto angetaka, tukamkalisha mbele na kulegeza ukosi wake. Kiti kimoja kilibaki tupu. Stendi ilikuwa imetulia: saa ya baada ya kuskusi, watu wote wako majumbani, hata mbwa wa stendi. Ichou alitazama barabara juu, akatazama chini.

— Mmoja bado, — akasema, na nadhani alijichukia.

Kisha sote, bila kuambizana, tukageuka kukitazama kibanda.

Zayd alikuwa mbele ya jiko. Birika lilikuwa limejaa. Mvuke wake ulitufikia garini na mdalasini ndani yake. Wanaume wawili walikuwa ndiyo kwanza wanatokea kwenye kona, wanasugua mikono. Zayd aliwaona. Alitazama birika, akatazama ukuta wenye namba zake, akazima moto. Akavuta dirisha la bati mpaka chini, sauti ambayo kijiwe chetu hakijapata kuisikia mchana.

— Zayd! — mmoja wa wale wawili akaita. — Kahawa je?

— Imekwisha, — Zayd akasema.

Akaja na aproni yake, akaketi kwenye kiti cha sita, akafunga mlango. Ichou akahesabu vichwa kama anavyohesabu siku zote, kwa kidole, akianzia kwa Bassou, na tukaondoka.